Berlin pasipo na foleni: maswali yenu wiki hii

Karibu maswali yote safari hii yametoka kwa watu wanaokwenda Berlin, na ombi ni lile lile: msinipeleke kwenye foleni. Haya.

Lango la Brandenburg nimeshalichoka kwenye picha. Nina alasiri moja tu, niende wapi? (Msomaji, Nairobi)

Nenda Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, na 2010 wananchi wakafunguliwa mageti. Miaka minne baadaye wakapiga kura kwamba sehemu yoyote ya uwanja ule isijengwe nyumba, basi umebaki mtupu katikati ya mji wenye shida ya nyumba. Utaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege, huku watoto wakirusha tiara pembeni. Upande wa Neukölln watu wamelima nyanya na maua kwenye masanduku ya mbao chakavu. Zimetengwa pia sehemu za kuchomea nyama, hivyo siku ya jua utazifikia kwa kufuata harufu. Ila upepo! Kwenda unajiona bingwa wa dunia, kurudi ndipo unajua. Na jua likizama wanafunga mageti.

Tutakuwa na watoto wawili na utabiri unasema mvua. (Mama wa Mwanza)

Wapelekeni Museum für Naturkunde, makumbusho ya mambo ya asili, wakaone mifupa iliyotoka Lindi. Sitanii. Ukiingia ukumbi mkubwa unakutana na dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, shingo imepanda kuelekea paa la vioo. Alichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, na mifupa ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake, *Australodocus bohetii*, lakini ilibidi kusubiri hadi 2007. Mwambie mwanao asimame kando ya mfupa wa mguu wa mbele, umpige picha. Halafu mweleze Lindi iko wapi.

Kuna alama yoyote ya Mswahili huko, ukiacha hiyo mifupa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ipo, na wengi wanaikanyaga. Brunnenstraße namba 193, inamisha macho: kuna jiwe dogo la shaba la sentimita 10 kwa 10 limepachikwa kwenye njia ya miguu. Limeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakimjua zaidi kama Husen. Alizaliwa Dar mwaka 1904, akaingia vitani akiwa mtoto askari upande wa Wajerumani. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na alifia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Mimi nilipita pale mara mbili kabla ya kuliona, maana majani makavu yalikuwa yamelifunika. Ukifika na kitambaa, lifute. Wenyeji hufanya hivyo kwa mawe haya ya kuwakumbuka wahanga wa Wanazi, hakuna atakayekushangaa.

Eti kuna Mtaa wa Zanzibar Berlin? (Msomaji, Unguja)

Sansibarstraße, naam, iko kitongoji cha Wedding. Shuka kituo cha Afrikanische Straße, treni ya U6. Jirani yake kuna Tangastraße na Ugandastraße. Msidhani ni mapenzi, ni majina ya enzi za makoloni. Lakini katafuteni Maji-Maji-Allee: hadi 2024 ilikuwa sehemu ya Petersallee, na Peters ndiye yule Carl Peters ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Picha ya kupigwa Berlin ni chini ya kibao hicho.

Kitu cha ajabu kabisa, kisicho na maelezo marefu? (Msomaji, Bujumbura)

Schwerbelastungskörper. Ni pipa la zege la tani 12,650, lilijengwa 1941 kupima kama ardhi ya Berlin ingebeba lango la ushindi alilolitaka Hitler. Likazama karibu sentimita 19. Kulilipua haiwezekani, nyumba za watu ziko karibu, basi limekaa hapo hapo.

Mbona watu wanaacha chupa chini, kando ya pipa la taka, na Wajerumani tunaambiwa ni wasafi? (Msomaji, Mombasa)

Chupa nyingi za plastiki na makopo yana dhamana ya senti 25 za yuro, unayorudishiwa kwenye mashine ya dukani. Asiyetaka kuirudisha mwenyewe anaiacha nje ili muokota chupa asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu. Nawe fanya hivyo hivyo.