Kompyuta inakawia kuwaka baada ya kusasisha? Hesabu sekunde kabla ya kumtafuta mchawi

Kompyuta iliyokuwa ikiwaka upesi ikianza kusuasua mara tu baada ya kusasisha mfumo, wengi hukurupuka kufuta programu zinazojiwasha zenyewe. Ushauri wangu: usiguse kitu kwanza. Tafuta sekunde zimepotelea wapi, maana mashine yenyewe imeshaziandika.

Mimi natumia Linux, kwa hiyo nasimulia ya huko. Amri ya kuanzia ni `systemd-analyze`, inayokuonyesha keneli (kiini cha mfumo) imekula muda gani na programu zilizofuata zimekula muda gani. Kwangu keneli, iliyozoea kumaliza shughuli zake kwa sekunde chache, ilikuwa imefika karibu 20. Kwa hali hiyo `systemd-analyze blame`, ambayo kila mtu anaikimbilia, haikuwa na la kuniambia. Yenyewe huorodhesha huduma zinazoanza baada ya keneli kukabidhi kazi.

Nenda kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha kumbukumbu za keneli. Kila mstari huanza na sekunde zilizopita tangu keneli ianze. Usisome maneno kwanza. Shusha macho kwenye safu ya namba mpaka uone zimeruka. Ukiona uvivu, `dmesg -d` inakutolea tofauti kati ya mstari na mstari. Kwangu ziliruka hapa:

`ata3.00: qc timeout after 5000 msecs (cmd 0xec)`
`ata3.00: failed to IDENTIFY (I/O error, err_mask=0x4)`

Kisha mstari uleule ukarudi na 10000, ukafuatwa na taarifa kwamba kasi ya ata3 (mlango wa tatu wa diski) inapunguzwa hadi 3.0 Gbps, ndipo diski ikaitika. Amri 0xec ni ile ya kuiuliza diski ijitambulishe. Draiva (programu inayoiwezesha keneli kuongea na diski) iliuliza, ikangoja sekunde 5, ikauliza tena, ikangoja 10, ikapunguza kasi, ikajibiwa. Maana yake ni kwamba hata baada ya kuwaka diski ilikuwa inafanya kazi kwa nusu ya kasi yake ya 6.0, jambo ambalo nisingelijua kwa kuangalia saa tu.

Ndiyo sababu nasisitiza kuhesabu. Kuchelewa kwa namba nzimanzima mara nyingi ni kikomo cha kusubiri ambacho mtu alikiandika kwenye programu, na kila tabaka lina chake. Hizo 5 na 10, na 30 kwa jaribio la tatu, ni za draiva ya SATA (njia inayounganisha diski na kompyuta) inapotambua diski. Ukiona 90, mara nyingi ni systemd, programu inayoanzisha huduma baada ya keneli, inayosubiri kifaa kilichotajwa kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka) ambacho hakipo. Hapo draiva inasingiziwa tu. Angalia kama kuna sehemu ya diski uliyoifuta au kuiumba upya.

Bado usiseme ni draiva. Kebo iliyolegea hutoa makosa yaleyale. Fungua `smartctl -a`, inayosoma rekodi ya afya ya diski, na utazame kipengele namba 199, UDMA_CRC_Error_Count: kikizidi kupanda, badilisha kebo kabla ya jambo lolote. Kisha washa keneli ya zamani, uwashe na mpya, mara kadhaa kila moja, kwenye mashine ileile. Na uzime kabisa, usiishie kuwasha upya, kwa sababu diski iliyokatiwa umeme huamka tofauti na ile iliyokuwa macho.

Ya zamani ikiwa safi kila mara na mpya ikikwama kila mara, sasa una kesi. Kati ya matoleo mawili ya keneli yanayofuatana huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini `git bisect`, amri ya kutafuta badiliko lililoharibu, hugawa nusu kwa nusu huku ukiiambia kila toleo ni `good` (zima) au `bad` (bovu), kwa hiyo majaribio kama 14 yanatosha. Yanachosha, sikufichi. `make localmodconfig` itapunguza sana muda wa kuijenga keneli, kwa kuwa inabakiza draiva zinazotumika kwenye mashine yako pekee. Toleo lisilojengeka liruke kwa `git bisect skip`. Cha kuogopa ni tatizo linalotokea leo na kesho halipo: ukisema `good` kwa sababu mashine imewaka vizuri mara moja, jibu moja la uongo litakupeleka kwenye badiliko lisilohusika kabisa, na utamlaumu mtu aliyerekebisha draiva ya kipaza sauti.

Ukilipata badiliko lenyewe, waandikie watunzaji wa draiva. Keneli ya Linux ina msimamo mkali kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kisiharibiwe na toleo jipya, kwa hiyo ripoti yenye namba ya badiliko husikilizwa. Ambatanisha `dmesg` mbili kamili, nzuri na mbaya, pamoja na modeli ya diski na toleo la programu yake ya ndani. Hilo la mwisho watu hulisahau, ilhali libata (sehemu ya keneli inayosimamia diski za SATA) ina jedwali la diski zenye tabia za pekee, na pengine dawa ni mstari mmoja tu humo.

Wakati ukisubiri kiraka (marekebisho ya keneli), `libata.force=3:3.0Gbps` kwenye vigezo vya kuwasha huanzisha mlango huo wa tatu moja kwa moja kwenye kasi ya chini, na kungoja kunaisha. Kiraka kikija, kiondoe kigezo hicho kabla ya kukijaribu, la sivyo utaripoti kwamba kimeponya kitu ambacho hakikujaribiwa.