Mfumaji ukenda Nane Nane Kizimbani, mwaka wa kwanza usibebe biashara

Assalaam aleikum wapenzi. Juzi dada mmoja wa Wete kaniandikia, anasema na yeye anafuma kroshia, kaziona picha zangu za Nane Nane mwaka huu na mwakani anataka avuke aje Unguja, Kizimbani kwenye maonesho ya wakulima, ananiuliza abebe vitu vingapi vya kuuza. Nikaanza kumjibu kwenye simu jibu likawa refu, nikaona bora nikae niandike hapa maana najua si yeye peke yake, sote tunaofuma tunaitaka siku moja tuione kazi ya mikono yetu imetandazwa mezani na watu wamesimama wanaishika.

Jibu langu dada yangu, usibebe kitu cha kuuza. Mwaka wa kwanza nenda ukae na watu.

Nakwambia hivo kwa sababu mimi mwaka jana nilibeba. Nilifuma miezi minne, viatu vya watoto wachanga, vikofia, vitambaa vya makochi, masweta mawili ya sindano mbili, yote usiku watoto wakishalala, mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Nikaomba nafasi kwa kikundi kimoja cha akinamama wenye meza yao, wakanikubalia kwa mchango wa shilingi 30,000. Siku ya kwanza nafika asubuhi nakuta vitu vyangu vimewekwa nyuma ya sabuni za mwani na chupa za mafuta ya nazi, havionekani. Na kila mgeni akiuliza, kiongozi wao anajibu, "Hivo vya huyu mtoto wetu, anajaribujaribu." Mimi nina miaka 34, nina watoto watatu, na nafuma tangu niko skuli, nimefundishwa na mama yangu ambaye yeye alikuwa anashona kofia za viua, zile za vitundu vya kutarizi kwa mkono, kofia moja miezi, na hakuna aliyewahi kumwambia anajaribu. Siku nne nimeuza vitu viwili. Hadi leo nikikutana na yule bi njiani namsalimia kwa heshima zote lakini moyoni bado pazito.

Siku ya tatu nikatoka pale mezani nikenda kwenye mabanda ya mifugo, kwanza nilitaka kulia mbali na watu, pili nilikuwa na jambo langu. Mimi huangalia sana video za yale maonesho ya kondoo na sufu ya Rhinebeck, kule New York, wanafanya kila mwaka mwezi wa kumi, watu wanaleta kondoo, wananyoa, wanasokota, na wafumaji wanafuma sweta jipya makusudi walivae siku ile. Basi nikaamini penye kondoo pana sufu. Nikamuuliza kijana mmoja mfugaji, hawa kondoo wenu mnawanyoa lini? Akanijibu kwa upole, "Dada, hawa wana nywele tu, hawana sufu." Akanishikisha mgongo wa mmoja, kweli, manyoya mafupi kama ya mbuzi. Kondoo wetu wa joto wako hivo, hata yule wa kichwa cheusi. Wa sufu kama Merino, jirani zetu Kenya wanawafuga huko nyanda za juu kwenye baridi.

Na siku ileile, kwa vile nilikuwa na hamu ya sufu, muuzaji mmoja akaniuzia madonge 12 kwa 8,000 kila moja, ananiapia ni sufu tupu. Shilingi 96,000! Nimefika nyumbani nimekata kipande nimekichoma kwa kibiriti, kikayeyuka kikawa shanga nyeusi ngumu. Hiyo ni akriliki, yaani plastiki. Sufu ya kweli ukiichoma inanuka kama nywele zilizoungua na ukiuondoa moto inazimika yenyewe, pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Jifunzeni hili kabla hamjatoa pesa, ombeni kipande cha nusu shibiri tu, mwenye uzi mzuri hatokunyima. Na sisi wenyewe tunasaidia kudanganywa kwa sababu kila uzi wa kufumia tunauita sufi. Sufu ni ya kondoo. Usufi ni wa mti wa msufi, ule tunaotilia mito, nyuzi zake fupi halafu zinateleza, hazisokoteki vizuri kuwa uzi. Na hizo "sufi" za rangi rangi tunazonunua Darajani nyingi ni akriliki, si mbaya kwa kazi nyengine, lakini kwa joto letu hili na jasho mtoto mchanga mvishe pamba.

Basi mwaka huu nikenda tofauti. Nilipanda gari ya Dole asubuhi mapema siku ya kawaida ya katikati ya wiki, sio siku ya viongozi maana siku ile hupati wa kuzungumza naye. Nimevaa kizibao cha uzi wa pamba nilichofuma mwenyewe, hilo la kuvaa kazi yangu nimelichukua kwa wale wa Rhinebeck, na kwenye mkoba nina sindano yangu ya kroshia, donge moja na vipande vitatu vya sampuli. Basi. Sikufika hata kwenye zile meza za mwaka jana.

Nikamkuta bibi mmoja wa Bwejuu amekaa chini kwenye jamvi anasokota kamba za makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, watu wanampita tu wanakimbilia matrekta. Nikamwamkia, shikamoo bibi, nikakaa. Nilikaa naye saa tatu nzima. Kanieleza makumbi yanafukiwa pwani kwenye tope yakabanwa kwa mawe, yake huwa yanakaa hata miezi sita, maji ya bahari yanaozesha ile nyama ya kumbi ukabaki usumba, yaani nyuzi zake, halafu yanafukuliwa, yanapigwa kwa mti, yanaoshwa, yanaanikwa, ndo usokote. Na mikono yake jamani! Anasokota nyuzi mbili, zote kwa upande uleule, halafu anazipindanisha pamoja kwa upande wa kinyume, zikishikana hazifunguki tena kwa sababu kila moja inataka kurudi na mwenziwe anaizuia.

Nikamtolea donge langu. Akalishika, akaufungua uzi kidogo kwa kucha, ukaachana palepale. Akanambia, "Mwanangu, huu haukusokotwa, umepitishwa tu pamoja." Miaka yote nikifuma ule uzi sindano inapasua katikati ya nyuzi na mimi najilaumu mkono wangu, nafumua naanza upya, nafumua naanza upya. Kumbe uzi! Hakuna video iliyowahi kunambia hilo, kanambia bibi ambaye hajashika sindano ya kroshia maisha yake. Tangu siku ile sinunui uzi kabla sijaupindua kinyume nikaona unavyoachia.

Nikamuomba aniuzie pima kumi za kamba nyembamba. Nimefuma mikoba ya pamba nimeitia mikono ya kamba yake, na alhamdulillah mwenye duka mmoja pale Mji Mkongwe kaiona kwenye bega langu, begani sio mezani, akaagiza 15. Mikoba yote imelipwa, pesa ile ya 96,000 imerudi na juu yake.

Kwa hiyo nawaambia akinadada wa Unguja na Pemba, acheni kukimbilia meza. Meza ina wenyewe. Nendeni mkakae, vaeni kazi zenu, mkae na wa makumbi, mkae na wanaosuka ukili, ule msuko wa mikeka, muone wanavyoupanga ukindu kwa rangi, hesabu zile ndo hesabu za kitambaa chako. Tunawapita bibi zetu tunakwenda kutafuta ufundi kwenye simu, hii mimi inaniuma na nitaisema kila mahali. Mkae, muulize, na mkiuziwa kitu lipeni bila kuomba punguzo, ile ni miezi sita ya tope.

Jumapili kanipigia binti yake yule bibi. Kafukia makumbi mengine, safari hii zaidi, kasema kuna fungu langu, na kama nataka kuona yanavyofukuliwa niwe pale maji yakitoka karibu na Ramadhani. Nauli ya gari ya Bwejuu nishaiweka kwenye kopo.