Maswali na majibu: safari ya kwanza ya kuvua fluki kwa boti

Msimu wa fluki hapa New Jersey na New York hufunguliwa Mei, na maswali ya wanaokwenda mara ya kwanza yamekuwa mengi. Kwa asiyemjua: fluki ni samaki bapa, ndugu wa mbali wa gayogayo wetu wa pwani. Macho yake yote mawili yako upande wa kushoto, mdomo ni mpana na una meno makali. Hujifukia mchangani akaacha macho tu. Wakati wa baridi huenda mbali kwenye kina kirefu. Joto likirudi naye hurudi karibu na pwani na ndani ya ghuba.

Wenzangu wa kazini wamenialika kupanda boti Atlantic Highlands mwezi Juni. Sina kifaa hata kimoja, na dukani wananiambia fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ni dola 400. Ninunue? (Msomaji, Newark)

Usinunue, ndugu yangu. Boti za abiria hukodisha fimbo kwa bei nafuu, na chambo kwa kawaida kimo ndani ya nauli. Ukikabidhiwa fimbo, kagua mambo mawili kabla boti haijang'oa nanga. Vuta mshipi kwa mkono uone kama rili inauachia taratibu bila kukwama. Hiyo ndiyo breki, na samaki mkubwa atakuja kuipima. Kisha tikisa ncha ya fimbo. Ikiwa ngumu kama mpini wa jembe, omba nyingine.

Ukiupenda uvuvi huu, baadaye nunua fimbo nyepesi ya futi 6 na nusu hadi 7, ncha laini na kiuno chenye nguvu. Jaza uzi wa kusuka wenye nguvu ya ratili (pauni) 15 hadi 20. Nasisitiza uzi wa kusuka kwa sababu ni mwembamba, mkondo haupati pa kuusukuma, na hauvutiki kama inavyovutika nailoni, kwa hiyo unasikia mchanga chini kama vile umeugusa kwa kidole. Mwishoni unga kipande cha nailoni ngumu au florokaboni cha ratili 30. Ila uzi huo usiuzungushe mkononi hata siku moja, unakata nyama.

Mimi mzaliwa wa Lamu, nimevua samaki changu kwa mshipi wa mkono tangu utotoni. Mwaka jana nilipanda boti Sheepshead Bay, nikafunga ndoana tatu juu ya chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) kama nyumbani. Siku nzima nilipata samaki aina ya taa na papa wadogo, na wa pembeni yangu alipata fluki wanne. Nilikosea wapi? (Msomaji, Brooklyn)

Kaka, hukukosea uvuvi, umebadilisha bahari. Kule kwetu unatia nanga juu ya mwamba, na changu anapanda kidogo kukifuata chambo. Huku boti haitii nanga. Nahodha anazima injini, upepo na mkondo vinaiburuta boti juu ya mchanga, na fluki kalala chini akitazama juu, anangoja kitu kipite mbele ya macho yake. Ndoana iliyo mita moja juu ya chubwi inaweza kupita juu ya kichwa chake. Tena ndoana tatu kwenye boti yenye watu 40 ni kualika mishipi itatane.

Funga hivi. Chukua kile kipete chenye matundu matatu yanayozunguka. Tundu la kwanza linapokea mshipi mkuu. La pili linapokea kipande kifupi cha nailoni, kama upana wa kiganja na nusu, na chini yake chubwi. La tatu linapokea kipande kirefu, kati ya sentimita 60 na 90, na mwisho wake ndoana moja ya namba 4/0. Chubwi inatembea juu ya mchanga ikitimua vumbi, chambo kinafuata nyuma yake karibu kabisa na chini. Fluki huvutwa na lile vumbi.

Sasa chubwi yenyewe, maana hapo ndipo wageni wengi wanapopotelea. Watu huniuliza rangi ya shanga, aina ya ndoana, harufu ya kupaka. Swali la kwanza ni moja: je, chubwi yako inagusa chini? Ndani ya ghuba ya Raritan Bay siku tulivu aunsi 3 au 4 zinatosha. Nje baharini, upepo ukishika, unaweza kuhitaji 8 au zaidi. Anza na uzito anaoutaja baharia wa boti, kwa kuwa akitaja 6 na wewe ukatia 3, mshipi wako utakwenda mbali na kuzoa ya wenzako wote. Ukishusha, sikiliza ule mgongano mdogo wa risasi kutua. Inua ncha ya fimbo kiasi cha shibiri, shusha, sikiliza tena. Usipousikia, achia mshipi kidogo. Usipousikia tena na mshipi umelala kama kamba ya kuanikia nguo, pandisha ubadilishe chubwi. Mkono uliofundishwa Lamu utaijua kazi hiyo kwa dakika kumi.

Jambo jingine ni upande wa kusimama. Upepo ukiwa ndio unaoisukuma boti, wa upande wa joshi, unakotoka upepo, mishipi yao inatoka nje vizuri. Wa upande wa demani, unakoelekea upepo, mishipi inaingia chini ya boti. Manahodha wema hugeuza boti ili kila upande upate zamu. Ukiwa demani, ongeza aunsi mbili, usiurushe mshipi mbali.

Mwanangu wa miaka 12 atakwenda nami. Nimeambiwa tutapewa ngisi na visamaki vidogo. Tunatundikaje? (Mama msomaji, Staten Island)

Mama, hili mfundishe nyumbani kabla hamjaenda. Nunua ngisi mmoja, mpasue, mlaze juu ya ubao. Kata ukanda mrefu wa pembetatu, urefu wa inchi 5 hivi: juu upana wa vidole viwili, chini umechongoka kama mkia. Ndoana ipite mara moja tu, katikati ya ule upande mpana, karibu na ukingo. Watu wengi hukunja ngisi na kumtoboa mara tatu nne wakidhani hatatoka. Kweli hatoki, ila anakuwa donge linalozunguka majini kama feni, mshipi unajisokota na samaki anashtuka. Kisamaki kitoboe machoni, kilale juu ya ukanda wa ngisi.

Kabla ya kushusha, mwambie mtoto akitumbukize chambo hapo pembeni mwa boti akitazame. Kikiogelea kimenyooka, mkia ukipepea, kishuke. Kikizunguka, akitundike upya. Na akipandisha aone ngisi ametafunwa akawa mfupi, atupe, aweke mwingine. Ngisi ni rahisi kuliko siku iliyopotea.

Vipi baktaili? Vijana wote kwenye boti wanatumia hizo na wanapata wakubwa. (Msomaji, Jersey City)

Baktaili ni kichwa cha risasi chenye ndoana, kimefungwa manyoya ya mkia wa kulungu. Wengi huitia mkia wa Gulp, yule mnyoo laini wa bandia, mweupe au wa kijani kinachong'aa, na juu yake sentimita 40 hivi hufunga ndoana ya pili yenye mkia kama huo. Inafanya kazi kweli, lakini inakutaka uichezeshe juu chini karibu na mchanga saa sita mfululizo bila kuchoka. Siku ya kwanza vua nusu ya asubuhi kwa ngisi, ujifunze kuisikia chini. Kisha jaribu.

Nilishtua ndoana mara tano, zote zikatoka. (Msomaji, Bayonne)

Uliharakisha. Fluki hashambulii akameza papo hapo. Hukishika chambo mkiani, akakaa nacho. Wewe unachosikia ni uzito tu, kama chubwi imenasa kwenye tope, halafu tope likatikisa kichwa. Ukiwa na ngisi, shusha ncha ya fimbo, mpe sekunde chache, kaza mshipi polepole. Uzito ukibaki, inua fimbo kwa mwendo mmoja mrefu. Kwa baktaili ni kinyume: ukisikia tu, inua.

Akishakaa, usipige fimbo juu chini. Zungusha rili kwa mwendo ule ule na mshipi usilegee. Nilimpoteza wangu mkubwa wa kwanza juu kabisa ya maji. Nilimwona mgongo wa kahawia, mpana kama sinia, nikamnyanyua kichwa nje ili nimtazame vizuri. Alijipiga mara mbili, ndoana ikaruka, akazama akiwa bapa, taratibu, mpaka maji yakamficha. Kichwa kikae ndani ya maji, baharia atangulize wavu, wewe umwongoze samaki aingie kichwa kwanza.

Ni wa ukubwa gani anaruhusiwa? Na rekodi ni ngapi? (Msomaji, Trenton)

Sheria hubadilika mwaka hadi mwaka na kila jimbo lina yake, kwa hiyo soma ya mwaka huu kabla ya kwenda. Mwaka 2024, kwa sehemu kubwa ya New Jersey, ilikuwa inchi 18 na samaki watatu kwa mtu. Mdogo mrudishe haraka: lowesha mikono kwanza, usimtupe juu ya sitaha kavu. Aliyemeza ndoana mpaka ndani, kata nailoni karibu na mdomo umwache aende.

Rekodi ya dunia ni ya Montauk, New York, mwaka 1975: ratili 22 na aunsi 7, zaidi kidogo ya kilo 10.