Barua 400 Zinazosema Jambo Moja

SWALI: Sisi ni chama cha waokaji wa mikate na mandazi, Kakamega. Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ilipoalika maoni kuhusu mswada, tulituma barua 400 zenye maneno yale yale, kila mwanachama na sahihi yake. Sasa kuna bwana anayejiita mshauri wa mambo ya Bunge. Anataka Sh20,000 atupelekee barua nyingine 1,000 "hadi mezani kwa mwenyekiti". Tumlipe?

JIBU: Msimlipe. Hata akijitolea kuzipeleka bure, mkatazeni.

Swali hili huniijia kila msimu wa mswada wa fedha, ule wa kila mwaka unaopanga kodi, na chini yake huwa kuna dhana ile ile: kwamba kamati inahesabu barua kama kura. Haihesabu. Makarani hupanga maoni yote kwenye jedwali: kifungu gani, nani kasema, anataka kibadilishwe vipi, kwa sababu gani. Barua zenu 400 zikifika hapo zinakuwa mstari mmoja, "waokaji wanapinga", na sehemu ya sababu iko tupu. Mstari unaofuata ni wa kampuni kubwa iliyoandika futeni maneno haya, wekeni haya, na hesabu yake hii hapa. Wabunge wakikaa kujadili, kwenye mstari wenu watajadili nini?

Andikeni ukurasa mmoja tu. Tajeni kifungu kwa nambari yake na maneno mnayotaka yawekwe, kisha hesabu ya jikoni kwenu: gunia la unga, hamira, gesi au kuni, mikate mnayotoa kwa siku, na bei itakavyokuwa kodi ikiingia. Hesabu hiyo hakuna mtu Nairobi anayeweza kuwafanyia. Upelekeni kwa Karani wa Bunge kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na muombe nafasi ya kujieleza mbele ya kamati. Hakuna ada. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na vikao vya kamati ni vya wazi isipokuwa Spika aone kuna sababu ya kipekee ya kuvifunga. Sasa huyo bwana anawauzia nini?

Madalali hawa nimewachoka. Wanachukua tangazo la gazetini lililo wazi kwa kila mtu, wanalifanya siri ya wakubwa. Kifungu kikibadilishwa, "nilizungumza na mwenyekiti". Kikibaki, "mlichelewa kutoa pesa".

Na mwenyekiti mwenyewe hana nguvu wanayomsingizia. Tarehe 18 Juni 2024, Kuria Kimani, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha wakati huo, alitangaza kwamba VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 zimeondolewa kwenye Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Wengi walidhani basi, yamekwisha. Lakini kamati hupendekeza tu. Mabadiliko yenyewe hufanywa baada ya mswada kusomwa mara ya pili, katika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, kifungu baada ya kifungu, na mbunge yeyote anaweza kupinga. (Kwa mambo ya fedha, Ibara ya 114 inalipa pendekezo la kamati uzito kuliko kawaida, ila hata hapo ni baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha.) Mswada ule ulipita tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Wiki moja tu, na aliyelipia "meza ya mwenyekiti" angekuwa amelipia kituo kimoja cha safari nzima.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo barua 1,000. Watu 1,000 anawatoa wapi? Vikundi kadhaa vimeniambia kwamba dalali alianza kwa kuomba nakala za vitambulisho "za kuambatisha", na baadaye majina yao yakaonekana chini ya maoni ambayo hawakuwahi kuyasoma. Ibara ya 125 inaipa kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi. Ikitaka maelezo kuhusu sahihi hizo, itawaita nyinyi, na yeye simu yake itakuwa imezimwa. Kama mmeshampa nakala hizo, mdaini leo, kisha mwandikieni Karani kwamba maoni ya chama ni yale tu yaliyo na muhuri wenu.