Simu haipimi presha ya mjamzito

Dada mmoja mjamzito ameniuliza kama kuongea na mkunga kwa simu kunatosha badala ya kwenda kliniki. Hapana dada, simu haichukui nafasi ya hudhurio la kliniki. Kifafa cha mimba huanza kimyakimya: presha inafika 140/90, protini inatokea kwenye mkojo, na mama bado anajiona mzima kabisa. Hayo yanaonwa na mashine na kipimo cha mkojo tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, si 4 kama zamani.

Mimi ni mkunga wa zahanati huku Chamwino, Dodoma, na simu naitumia kila siku. Mama akinipigia kwamba miguu imevimba, namwambia abonyeze ugoko kwa kidole gumba, akiachia aniambie kama kishimo kimebaki. Namuuliza pia dalili za hatari: kichwa kuuma, macho kuona ukungu, maumivu chini ya chembe ya moyo. Kichwa kikali au ukungu machoni, simwambii asubiri hata kesho. Simu inasaidia zaidi nikitoa rufaa: nampigia daktari wa kituo cha afya, wanampokea wakijua anakuja na nini.

Ila kwa dharura usianze kunitafuta mimi. Piga 115, ni bure, ndiyo namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kama kijijini kwenu mtandao ni wa kubahatisha, tafuteni mapema mahali simu inaposhika, kabla uchungu haujaanza.