Mkurugenzi akae gishe, lakini asije kama mkaguzi

Ndugu, umeuliza namna ya kumweka mkurugenzi siku nzima pamoja na watu wa gishe (dirisha la kupokea wagonjwa au wateja) bila wao kuogopa. Sisi tulijaribu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika kituo cha afya. Mara ya kwanza tuliharibu: mkubwa alifika saa nne, foleni ya asubuhi imekwisha, kila mtu amejipanga kwa ajili ya macho yake. Hakuona kitu.

Mara ya pili alikuja saa moja na nusu, akina mama wa mtaa wa Kadutu wakiwa wamejaa mlangoni na watoto mgongoni. Tulimwomba afanye kazi mwenyewe: aandike fishi (kadi ya mgonjwa), atafute chenji ya franka kwa mwenye dola, amweleze mgonjwa kwa nini bado anangoja. Haikupita saa moja akagundua kwamba jina la mgonjwa mmoja linaandikwa katika vitabu vinne. Ripoti zetu za kila mwezi hazikuwahi kumwambia hilo. (Hata Taiichi Ohno wa kampuni ya magari ya Toyota, kule Japani, alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni na kumsimamisha injinia humo aangalie kazi kwa saa nyingi.)

Mkubwa atamke kwa kinywa chake, kabla ya siku hiyo, kwamba atakayoyaona hayataingia katika tathmini ya mtu. Halafu Mama wa gishe naye akae siku moja katika ofisi ya mkurugenzi, hata kwenye mkutano wa bajeti. Wengi wanasahau hili, na kwangu ni nusu ya kazi. Ndani ya juma moja rekebisheni jambo moja waliloliona pamoja. Sisi tuliondoa vitabu viwili.