Ratibu ya kila usiku itamtengeneza mwanangu?

Waaleikum salaam, dada. Umeuliza kama bweni la madrasa hapo Eastleigh, wanakosoma Ratibu ya Haddad kila baada ya Isha, litamtuliza mwanao mwenye mdomo. Ratibu yenyewe haina ubaya: Imamu Abdallah al-Haddad wa Tarim, Yemen, aliyefariki 1720, aliipanga kwa aya na dhikri fupifupi, nyingi mara tatutatu, na mtoto huihifadhi upesi (upesi mno, hata midomo inasoma huku jicho liko kwenye sufuria ya wali). Mwombe mjomba wake akakae safu ya nyuma wanapoisoma. Amtazame ustadhi: mtoto akikosea, anamrekebisha au anamchapa? Wakubwa wanawapisha wadogo kwenye bomba la udhu? Kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Mjomba akikiona, usimpeleke mwanao, Ratibu ataisoma nyumbani na wewe.